Buguruni na Mchezo Usiochezwa

Nalifika Buguruni siku ya Jumatatu, tarehe 3 Machi 2025, na Ramadhani ya mwaka 1446 ilikuwa ndiyo kwanza imeandama. Nalitoka Morogoro kwa lile garimoshi la umeme lililoanza kuchukua abiria mwaka 2024. Halina moshi, lakini sisi tuliozoea jina la zamani twaliita garimoshi vivyo hivyo. Safari yenyewe haikuwa ya matembezi. Ami yangu, mdogo wa marehemu baba, alikuwa amepasuliwa mtoto wa jicho. Jicho moja lilikuwa limefungwa kitambaa na la pili halioni vizuri, na wanawe walinipigia simu kunieleza kwamba mzee ana afya njema ila ana dhiki moja kubwa, nayo ni kwamba hapana mtu wa kumsomea gazeti. Mkubwa wao hurudi kutoka biasharani usiku, na mdogo, kwa kauli ya mzee mwenyewe, "husoma kama mtu anayefukuzwa na mbwa." Basi nikafunga kifurushi changu nikaenda kuwa macho ya ami kwa muda wa wiki moja.

Gari la abiria liliniteremsha Buguruni Sheli, pale Barabara ya Uhuru inapokutana na Barabara ya Mandela. Msomaji asiyepajua mahali hapo na afikiri njia panda ambayo kila mtu aipitaye ana haraka na hapana mmoja aliye tayari kumpisha mwenziwe. Malori ya bandarini huenda bara na kurudi usiku na mchana, vijana wa bodaboda wamejipanga kando, na makondakta waita Tazara, Ubungo, Kariakoo, Gongo la Mboto kwa sauti zilizokwisha kukauka kwa vumbi na kwa swaumu. Lakini mtu akiiacha barabara kuu akaingia ndani, upande wa Malapa, ghafla mambo hutulia. Vichochoro huwa vyembamba hata watu wawili hawapishani ila mmoja ageuke ubavu. Nyumba ni zile za Kiswahili, za ukumbi katikati na vyumba huku na huku, zenye baraza mbele na uwani nyuma, na paa la moja laliegemea karibu paa la jirani. Wazee husema kwamba zamani hapa palikuwa kijiji cha nje ya mji, minazi na miembe, na mtu aliyetaka kwenda mjini aliaga kama aendaye safari. Leo mji umekwisha kupapita Buguruni ukaendelea mbele maili nyingi, nayo imebaki katikati, wala si ya mjini hasa wala si ya shamba.

Saa za alasiri katika mwezi wa Ramadhani Buguruni hupendeza sana. Sokoni watu wanunua mihogo, magimbi, viazi vitamu na nazi. Wanawake wakaa mbele ya nyumba zao na majiko, wakikaanga bajia, sambusa na kaimati. Na watoto wapita na mabakuli yaliyofunikwa kawa, kwani ni aibu kubwa katika mitaa hii futari ya mtu kuishia kwa wa nyumbani mwake peke yao. Naliyaona hayo yote siku ile ya kwanza. Lakini naliona na jambo jingine, nalo ni rangi. Kila kibanda kilikuwa na kitambaa chekundu au cha kijani na manjano. Bodaboda zilikuwa na vibendera. Hata muuza tende alikuwa amefunga kichwani kitambaa cha Yanga, na mteja wake wa Simba alikuwa akimwambia kwamba tende zake zina uchungu kwa sababu hiyo.

Maana Jumamosi ya wiki ile, tarehe 8 Machi, saa 1:15 ya usiku, Yanga na Simba walikuwa wakutane katika Uwanja wa Benjamin Mkapa.

Ami yangu ni mtu wa Yanga tangu utoto wake. Mwanawe mkubwa, ambaye huuza nguo za mitumba pale Mchikichini, katika soko ambalo watu hupenda kuliita Karume, ni wa Simba. Aliichukua mapenzi hayo kwa wajomba zake. Mdogo, dereva wa bodaboda, ni wa Yanga kama babake. Nyumba nyingi za Dar es Salaam ziko hivyo, na watu wa nje hushangaa, huuliza mtu na nduguye wakaaje nyumba moja. Hukaa kwa utani. Klabu hizi zenyewe ni kama ndugu wa tumbo moja: Yanga ilianzishwa mwaka 1935, na wenzao wakafuata mwaka 1936, na zote mbili makao yao yako Kariakoo, mmoja Msimbazi na mwingine Jangwani, mwendo wa dakika chache kwa miguu. Hata jina la Simba si la asili. Walikuwa wakiitwa Sunderland mpaka mwaka 1971, ndipo walipojiita Simba.

Kila usiku baada ya tarawehe, watu kiasi cha kumi na watano hukusanyika katika baraza ya ami. Huja muuza kahawa na birika lake juu ya makaa, avigonge vikombe vyake viwili, na kashata zizungushwe katika sinia. Kazi yangu ilikuwa kusoma. Nalisoma kurasa za michezo kutoka mwanzo hata mwisho, pamoja na picha, yaani ami alitaka nimweleze hata picha: nani amesimama wapi, anacheka au amenuna. Na kila nilipomaliza habari moja, mjadala ulianza.

Nataka nimhadithie msomaji namna watu wale walivyokuwa wakizungumza, kwani mimi mwenyewe nalikwenda nikiwadharau kidogo, nikarudi na fikira nyingine. Si kelele tupu. Yule seremala aliyekaa karibu na mlango hakupata kusoma zaidi ya darasa la saba, lakini alikuwa akizijua habari za kila mchezaji kama mwalimu anavyowajua wanafunzi wake: nani ametoka kuugua goti, nani huchoka baada ya dakika 60, nani hucheza vizuri akiwa na fulani kushoto kwake na huharibu akipangwa na mwingine. Walipomzungumza Jean Charles Ahoua, kijana wa Ivory Coast aliyekuwa akiwafungia Simba mabao mengi msimu ule, watu wa Yanga walisema kwamba sehemu kubwa ya mabao yake ni ya penalti. Seremala, ambaye ni wa Simba, akajibu: "Sawa. Na penalti huanguka kutoka mbinguni? Mtu hupewa penalti kwa kuwa ameingia ndani ya eneo lenu. Hesabuni na kuingia kwake." Hapana aliyekuwa na jibu la haraka.

Kisha wakamgeukia Prince Dube wa Zimbabwe, aliyekaa miezi ya mwanzo ya msimu katika Yanga bila ya kupata bao la ligi, akatukanwa kila upande, halafu mwezi wa Desemba akafunguka. Kijana mmoja wa Simba alisema kwamba mchezaji wa namna hiyo si wa kutegemewa. Ami akamkatiza: "Mwanangu, mshambuliaji ni kama mvuvi. Siku asizopata samaki si siku alizosahau kuvua." Wakamzungumza Clement Mzize, na hapo naliona ya kwamba hata watu wa Simba walilainika, kwa kuwa yule ni kijana wa nchi hii aliyekulia katika timu ya vijana ya Yanga, na furaha ya kumwona mtoto wa hapa akisimama mbele ya wageni ilikuwa kubwa kuliko utani. Wakamzungumza Kibu Denis wa Simba, mbio nyingi na mabao haba. Wakawalinganisha walinda lango, Djigui Diarra wa Mali na Moussa Camara wa Guinea, na mjadala huo peke yake ulikula kahawa birika zima.

Lakini habari iliyowashika kuliko zote ilikuwa ya Stephane Aziz Ki, yule wa Burkina Faso. Msimu wa 2023/24 alikuwa mfungaji bora wa ligi kwa mabao 21. Sasa mabao yake yalikuwa yamepungua, na katika mwezi wa Februari alikuwa amefunga ndoa. Basi swali lililoletwa barazani lilikuwa hili: je, ndoa humwongezea mchezaji nguvu au humpunguzia? Wenye wake walikuwa na rai moja na makapera rai nyingine, na muuza kahawa, mtu wa wake wawili, aliombwa atoe ushahidi, akasema yeye hajapata kucheza mpira.

Watu wa Yanga walikuwa na hoja moja waliyoirudia kila usiku kama wimbo, ya kwamba wamekwisha kumfunga mtani mara nne mfululizo: 5 kwa 1 tarehe 5 Novemba 2023, halafu 2 kwa 1 mwezi wa Aprili 2024, 1 kwa 0 mwezi wa Agosti, na 1 kwa 0 tena mwezi wa Oktoba. Ile ya tano kwa moja ndiyo iliyouma. Mpaka leo katika mitaa ya Dar es Salaam mtu wa Yanga hana haja ya kusema neno. Hukunyoshea vidole vitano akapita. Watu wa Simba nao hujibu kwa kwenda nyuma zaidi. Husema tarehe 6 Mei 2012, Simba 5, Yanga 0, siku ambayo hata mlinda lango wa Simba, Juma Kaseja, alifunga bao la penalti. Alipotaja hayo yule bin ami yangu mkubwa, mtu mmoja akasema polepole, "Na Mafisango alifunga." Watu wakanyamaza. Patrick Mafisango alifariki kwa ajali ya gari hapa Dar es Salaam tarehe 17 Mei mwaka ule ule, siku 11 baada ya bao lile. Muuza kahawa akajaza vikombe bila ya kuviombwa.

Ami ndiye mwenye historia. Mwaka 1968 alikuwa kijana wa miaka 17, na Yanga waliwafunga Sunderland 5 kwa 0. Habari hiyo yeye huisimulia kwa muda wa nusu saa, pamoja na alivyovaa yeye, na nani alimbeba nani mabegani, na Maulid Dilunga alivyoucheza mpira. Habari ya tarehe 19 Julai 1977, Simba walipowafunga Yanga 6 kwa 0 na Abdallah Kibadeni akafunga matatu, huisimulia kwa maneno saba: "Siku ile tulifungwa. Niongezee kahawa, mwanangu, tafadhali." Vijana humchokoza kwa makusudi wamwulize, naye huwajibu vile vile.

Siku ya Alhamisi nalifuatana na bin ami mkubwa mpaka Mchikichini, na baada ya hapo nikaendelea peke yangu hata Kariakoo. Barabara ya Uhuru, ambayo zamani iliitwa Kichwele, ni kama uzi uliotunga mitaa yote ya watu wa kawaida: Buguruni, Ilala, Karume, Kariakoo, hata Mnazi Mmoja. Jina la Kariakoo lenyewe latokana na lile jeshi la wapagazi wa Waingereza katika Vita Vikuu vya Kwanza, waliopiga kambi hapo; watu wetu walichukuliwa kubeba mizigo ya vita isiyokuwa yao, na wengi hawakurudi. Sina hakika kama wale vijana niliowaona wakipigana kwa utani juu ya jezi wanalijua hilo. Soko lile kubwa lililochorwa na Beda Amuli liliungua tarehe 10 Julai 2021, na mwezi wa Novemba 2024 ghorofa moja katika mitaa ile ile lilianguka likaua watu; lakini Kariakoo haijui kukaa matanga. Nalipita Msimbazi mbele ya jengo la Simba, nikapita na Jangwani mbele ya jengo la Yanga, na kote niliona wazee wa makamo yangu wamekaa chini ya kivuli, hawali, hawanywi, wanabishana.

Niliporudi Mchikichini kumpitia ndugu yangu turudi nyumbani, nilimkuta ameinama juu ya simu yake nyuma ya rundo la nguo, naye akashituka kwa namna ambayo sikuipenda. Nikamwuliza kuna nini. Kwanza akacheka. Kisha akanionyesha.

Alikuwa ameweka shilingi 180,000 kwamba Simba watashinda.

Vijana wa leo huuita mkeka, na mimi kila nilisikiapo neno hilo katika maana hiyo huona vibaya, kwani mkeka kwetu ni kitu cha kuketia na kuswalia. Sikuwa na haja ya kumweleza hukumu ya kamari. Aliijua tangu chuoni, yeye na mimi tulisoma juzuu kwa mwalimu mmoja. Nikamwuliza swali moja tu, fedha zile zimetoka wapi. Akasema, "Kaka, za nguo za watoto. Za sikukuu. Shemeji yako amezikusanya tangu Rajabu, nami nimezichukua nizizidishe. Simba safari hii hawafungwi. Umewasikia mwenyewe barazani." Kisha akaongeza, "Usimwambie baba."

Na hapa lazima niseme kosa langu. Sikumwambia baba, na wala sikumwambia shemeji, na sikumkaripia ndugu yangu kama ilivyonipasa mimi niliye mkubwa. Nalijidanganya kwamba ni sitara. Lakini ukweli ni kwamba usiku ule, nilipokuwa nikiwasomea watu habari za nani ni mzima na nani ana maumivu ya paja, nalijikuta ninaomba kwa siri kwamba Simba washinde, mimi ambaye sina timu. Ilikuwa kana kwamba na mimi nimeweka fedha. Kila mtu wa Yanga aliposifu mguu wa Pacome Zouzoua, nalimtazama ndugu yangu, naye alikuwa hanitazami. Yale mazungumzo matamu ya usiku wa Jumatatu na Jumanne yalikuwa yamekwisha kuniharibikia. Seremala alisema mambo yale yale ya akili, ami alitoa mifano yake, lakini mimi nalisikia shilingi tu.

Katika gazeti lile la Ijumaa palikuwa na ukurasa mzima wa matangazo ya kamari, na mimi nikauruka. Ami, asiyeona, alisikia karatasi mbili zikifunuliwa pamoja, akauliza nimeacha nini. Nikamwambia. Akanyamaza kidogo, kisha akasema habari ambayo wanawe walikuwa hawajapata kuisikia. Mwaka ule wa 1977 katika karakana ya reli alikuwa na rafiki yake, mtu wa Yanga kama yeye, aliyewekeana na mtu wa Simba redio yake. Redio wakati ule ilikuwa mali. Baada ya zile sita, yule rafiki aliibeba redio mwenyewe kichwani usiku akaipeleka, kwa kuwa alikuwa mtu wa ahadi. "Hakulia," ami akasema. "Lakini mkewe alikuwa akisikiliza redio ile alipokuwa akimnyonyesha mtoto. Kwa muda mrefu nikipita pale nyumbani kwake jioni, kulikuwa kimya." Hakusema zaidi. Bin ami mkubwa akaondoka kwenda kutazama kama mlango wa uwani umefungwa, na mlango wa uwani ulikuwa umefungwa tangu magharibi.

Palikuwa pia na mashauri mengine usiku ule. Mchezo uliwekwa saa 1:15. Jua katika siku zile huchwa baada ya saa 12:30 kidogo. Basi mtu wa kwenda uwanjani atafuturu tende na maji njiani, ataswali Magharibi wapi, na Isha na tarawehe itakuwaje? Vijana walikuwa wamemtuma mtu kwa imamu wa msikiti wa jirani kumwomba kwa adabu kwamba Jumamosi asome sura fupi fupi. Imamu alijibu kwamba sura atakazosoma ni zile zile, na kwamba yeye pia angependa kujua matokeo, wakiyapata wamwambie baada ya witri.

Usiku ule ule wa Ijumaa zikaanza tetesi. Bodaboda zilileta habari kutoka upande wa uwanjani, ya kwamba Simba wamekwenda kufanya mazoezi ya mwisho katika Uwanja wa Mkapa na hawakuingia. Hapana aliyeamini. Tulipoamka kula daku, bin ami mdogo alikuwa amesimama uwani na simu yake, uso wake una mwanga wa kioo, akasoma kwa haraka yake ile ile: Simba wametangaza kwamba hawatacheza, kwa kuwa walizuiwa kuingia uwanjani kufanya mazoezi ambayo kanuni imewapa haki ya kuyafanya. Akasoma mara mbili. Shemeji akaweka sufuria ya uji wa pilipili manga chini, akasema, "Basi kuleni, alfajiri haingoji Simba." Ndugu yangu mkubwa hakula kitu.

Siku ya Jumamosi sijui niielezeje. Watu walikuwa wamekuja kutoka mikoani, na bado magari yalikuwa yakiingia. Mchana Bodi ya Ligi ikatangaza kuahirisha mchezo. Yanga wakasema wao wako tayari kucheza siku ile na si siku nyingine, na jioni wakaenda uwanjani. Bin ami mdogo alipakia abiria mpaka swaumu ikamlemea, na karibu ya magharibi alirudi nyumbani na mtu mmoja mzima, mwenye jezi ya Yanga na mfuko wa plastiki, aliyetoka Tabora kwa basi, na hakuwa na ndugu Dar es Salaam. "Nimemwokota Tazara," akasema. Yule bwana alikaa nasi mkekani, mkeka wa kweli wa ukindu, akafuturu kwa mihogo ya nazi, na upande wake wa kuume alikuwa ameketi seremala wa Simba aliyekuwa akimsogezea samaki. Hawakubishana. Walisikitika pamoja. Tangu nifike Buguruni sikuwa nimewaona watu wa Simba na Yanga wakiwa na msiba mmoja, na msiba wenyewe ulikuwa kwamba hapana aliyefungwa.

Baada ya tarawehe imamu alipita barazani, akauliza, "Ngapi?" Ami akamjibu, "Hakuna, Sheikh." Imamu akasema, "Hakuna kwa hakuna?" Watu wakacheka kwa mara ya kwanza siku ile.

Nalirudi Morogoro Jumatatu, tarehe 10. Baada ya siku chache ndugu yangu aliniletea ujumbe: fedha zimerudishwa, kwa sababu mchezo haukuchezwa, na amezirudisha mahali pake kabatini bila ya mtu kujua. Nikamwandikia kwamba amshukuru Mwenyezi Mungu, na mimi nikashukuru, na nafsi yangu haikuwa safi, kwa kuwa kilichomwokoa si nasaha yangu bali ni ugomvi wa watu wengine kabisa juu ya lango la uwanja. Siku ya Idi nikapelekewa picha. Watoto wote watatu wamevaa nguo mpya. Mvulana mdogo alikuwa na kanzu nyeupe, na shingoni, mahali ambapo vifungo vilikuwa havijafungwa, ilionekana jezi ya kijani na manjano ndani yake. Zawadi ya ami yake wa bodaboda.

Ugomvi wenyewe ulidumu. Yanga walikataa kurudia, shauri likafika hata mahakama ya michezo ya Lausanne, Uswisi, likarudishwa, na hatimaye mchezo ukachezwa tarehe 25 Juni 2025. Yanga walishinda 2 kwa 0, Pacome akafunga la kwanza kwa penalti na Mzize la pili, wakachukua ubingwa kwa mwaka wa nne mfululizo. Nikafikiri yale yote tuliyoyajadili barazani. Aziz Ki, ambaye ndoa yake ilitukosesha usingizi, hakucheza. Alikuwa amekwisha kuhamia Wydad ya Casablanca. Na hoja ya seremala juu ya penalti ilikuwa imegeuka kumla mwenyewe.

Usiku ule nalipiga simu kwa bin ami mkubwa kumpa pole, na kwa haki nalitaka kujua na jambo jingine. Simu ikapokelewa na shemeji.

"Shemeji, simu ya bwana huyu ninayo mimi tangu asubuhi," akasema. "Siku za mechi hukaa kwangu. Atakupigia kesho, inshallah."

Nikamwuliza tangu lini.

"Tangu Rajabu nihesabu fedha na mfungo saba nizikute hazipo, na mfungo kumi nizikute zipo. Wewe waniona mimi sijui kuhesabu?"

Nyuma yake nalisikia baraza imejaa, na sauti ya ami, ambaye sasa aona kwa macho yote mawili, akiwasimulia watu habari za mwaka 1968.